Viwavi Waliokwama Ngozini

Mwezi wa Mei mwaka juzi nilizika viwavi 121 kwa muda wa siku sita. Nasema nilizika kwa sababu sikuwa na moyo wa kuwatupa jaani. Nilichimba kishimo chini ya mkorosho, nikawafukia kwa jembe, na bibi yangu akaniangalia kutoka barazani akauliza kama nimerogwa.

Nafuga vipepeo. Ukitamka hivyo pale stendi ya Malindi makanga wanacheka, kisha wanauliza kama nyama yake ni tamu. Kwetu ni Kakuyuni, upande ambako msitu wa Arabuko-Sokoke unaishia kaskazini, na nyuma ya nyumba nina kibanda cha wavu kilichojaa miche ya ndimu kwenye viriba. Nafuga hasa kipepeo wa ndimu, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Jike hutaga yai moja moja kwenye jani changa. Kiwavi anakula, anavua ngozi mara nne, na mara ya tano anajifunga uzi kiunoni na kuwa pupa. Pupa ndiyo mali. Tunaipeleka Gede, kwenye mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 ili sisi tunaopakana na msitu tupate riziki bila kuukata. Kutoka hapo pupa husafirishwa ng'ambo, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio ili wamwone mdudu yule yule ambaye mwenye michungwa hapa Ganda humponda kwa kisigino.

Biashara yenyewe ni ya kuvizia saa. Pupa ikitoka kwangu ingali laini, inachubuka njiani. Ikichelewa, kipepeo anafunguka ndani ya boksi, mabawa yanakunjamana na huko anakokwenda anafika takataka. Nilidhani nimeijua saa hiyo. Nilikuwa na miaka minne kazini na jina langu halikuwa baya.

Mwaka ule vidukari walivamia miche. Majani machanga yalijikunja kama sikio la paka, na sisimizi wakapanga foleni kuja kulamba utamu wao. Mjomba wangu, seremala anayeamini mwarobaini kuliko daktari, alipita akatazama akatikisa kichwa.

"Mpwa, kwa hili huendi duka la dawa. Mti unao mlangoni."

"Mjomba, nina viwavi. Dawa ya wadudu itaua wadudu wangu pia."

"Huu si sumu. Sisi wenyewe tunaunywa. Piga, ngoja siku nne, jua litaula."

Nikaponda kokwa kilo moja, nikaloweka usiku kucha kwenye ndoo, nikachuja kwa leso kuukuu, nikatia sabuni ya kipande iliyokunwa. Nikapiga asubuhi kabla ya jua. Machicha yaliyobaki sikutaka yaharibike, nikayagawa kwenye viriba juu ya udongo, nikijisifu kwamba nimepata na mbolea. Sikungoja siku nne, nilingoja nane. Vidukari waliisha kabisa, na mjomba akanywa chai kwangu kwa majivuno.

Ndipo nikahamishia viwavi 140 kwenye ile miche.

Sumu ya dukani ningeitambua, kwani mdudu anatetemeka na kuanguka siku hiyo hiyo. Hawa hawakutetemeka. Walikula kidogo, wakaacha, wakala tena. Viwavi wa ndimu wakiwa wadogo wana rangi ya kinyesi cha ndege, kahawia na nyeupe, na ukubwani wanageuka kijani. Hawa walikaa na rangi ya kinyesi siku nyingi kupita kawaida, wamevimba, wamekaza miguu kwenye kijiti kama mtu aliyeshika mlango asijue aingie au atoke. Ukiwagusa hawakutoa hata ile pembe ya rangi ya chungwa yenye harufu ya kitu kilichochacha wanayomtishia nayo adui. Ngozi ilipasuka kidogo nyuma ya kichwa, basi, ikaishia hapo. Wachache waliofika mbele zaidi walikuwa ndio wa kutisha. Kifua kilikuwa cha pupa na mkia ungali wa kiwavi, na miguu inapapasa hewani.

Walibaki 19.

Majibu ya jirani nilipata mengi. Husuda. Maji ya bomba siku hizi yana dawa. Shangazi alisema nilihesabu mali yangu mbele za watu. Mimi nilimlaumu joto, kwa sababu joto halijibu.

Wiki ile ile alipita mama mmoja mtafiti wa wadudu, aliyekuwa akihesabu vipepeo kandokando ya msitu. Alimwamkia bibi shikamoo, akanywa maji, akaomba kuona kibanda. Nilimwonyesha kwa aibu. Akatoa kibanio mfukoni, akamnyanyua maiti mmoja, akamgeuza kwenye mwanga.

"Hawa wamekufa wakila, au wamekufa wakijivua?"

Sikuwahi kujiuliza hivyo. Kwangu kufa kulikuwa kufa.

"Tazama. Ngozi mpya iko chini tayari, ya zamani imepasuka hapa tu. Ameamrishwa nusu."

"Ameamrishwa na nani?"

"Mwanangu, shule ulifika wapi?"

"Kidato cha nne, mama."

"Basi hii uliiandika kwenye mtihani."

Na kweli niliiandika. Kidato cha tatu, mada ya ukuaji: homoni ya ekdisoni humfanya mdudu avue ngozi, homoni ya utoto humzuia asikomae kabla ya wakati. Nilikuwa nimeikariri kama namba ya simu ya mtu nisiyemjua. Miaka minne nimefuga viwavi na sikuwahi kuyaunganisha maneno yale na mdudu aliyekaa kidoleni mwangu.

Alinieleza akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ubongo wa kiwavi, mdogo kuliko punje ya ulezi, hutoa kijumbe. Kijumbe hicho huamsha tezi zilizo kifuani, na tezi humwaga ekdisoni. Ekdisoni inasema "vua". Lakini haisemi uvue uwe nani. Hilo linaamuliwa na homoni ya utoto: ikiwa nyingi damuni, anatoka kiwavi mkubwa zaidi, ikiwa imekauka, anatoka pupa. Hata ile rangi ya kinyesi cha ndege ni kazi yake. Mwaka 2008 watafiti wa Kijapani, Ryo Futahashi na Haruhiko Fujiwara, waliwapaka viwavi wa ndugu yake kipepeo wangu, naye ni mla ndimu vilevile, dawa inayoiga homoni ya utoto, na viwavi wakavua ngozi wakabaki na rangi ya utotoni badala ya kugeuka kijani.

"Sasa niambie," akasema, "miche hii uliipiga nini?"

Nilimwambia mwarobaini, na haraka nikaongeza kwamba nilingoja siku nane. Akanusa kiriba kimoja. Akatia kidole kwenye udongo, akatoa kipande cha machicha, akanitazama bila kusema neno. Nafikiri alikuwa ananihurumia.

Kilichomo ndani ya mwarobaini kinaitwa azadiraktini. Kwenye jani, juani, hakidumu. Mjomba alikuwa sahihi hapo. Lakini kikiwa udongoni, mzizi hukinyonya na kukipandisha juu, na jani linakuwa na dawa ndani ambako jua halifiki. Nilikuwa nimesafisha mlango na kuacha mwizi ndani. Na dawa yenyewe haiui kwa kuchoma. Inamchukiza mdudu chakula, na kwa yule atakayekula hivyo hivyo, inazuia ubongo usitoe kile kijumbe kwa wakati wake. Tezi zinangoja kuitwa. Haziitwi, au zinaitwa zimechelewa, na mwili uliokwisha kushona nguo mpya hauna nguvu ya kuvua ya zamani.

Huu mti wa mlangoni kwetu, kumbe umechosha wakemia wakubwa. Katika miaka ya 1950 huko Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wanapitia kila kitu isipokuwa miarobaini. Mwaka 1968 wataalamu wa chuo cha Keele, Uingereza, wakaitoa azadiraktini kwenye mbegu wakitumia nzige haohao kuonja. Umbo lake lilithibitishwa 1985. Kuitengeneza kwa mikono maabara kuliwachukua watu wa Steven Ley pale Cambridge miaka 22, wakamaliza 2007. Mimi niliichuja kwa leso asubuhi moja.

Usiku ule sikulala mapema, nilisoma kwa simu mpaka bando likaisha. Kilichonishika ni habari ya uzi. Kabla hata neno ekdisoni halijazaliwa, Mpolandi Stefan Kopeć alifunga viwavi wa nondo kiunoni kwa uzi na kukaza. Akifunga mapema, nusu ya mbele ilikuwa pupa na nusu ya nyuma ikabaki kiwavi. Akikawia siku chache, pande zote mbili ziligeuka. Kwa hiyo kitu fulani kilitoka kichwani kikapita kwenye damu, na kilikuwa na siku yake. Alichapisha hayo mwaka 1922. Nilipoona picha ya mchoro nilijua nimeshawaona viwavi wale. Nilikuwa nimewatengeneza mwenyewe bila uzi.

Kisha akaja Mjerumani Adolf Butenandt pamoja na Peter Karlson. Walifunga uzi vilevile, safari hii mabuu ya nzi, wakadunga tone la mchuzi waliokamua kwenye pupa upande wa nyuma. Ngozi ikikauka na kuwa kahawia, homoni imo. Isipokauka, mwaga uanze upya. Mwaka 1954 wakapata ekdisoni safi: miligramu 25 kutoka kilo 500 za pupa za nondo wa hariri. Kilo 500! Pupa zangu za mwaka mzima hazijazi debe. Na hizo miligramu 25, ukibana chumvi kwa vidole viwili umeshika mara kadhaa zaidi ya hapo.

Mwaka 1965 umbo lake likajulikana, na ikaonekana ni steroidi, ukoo mmoja na homoni zinazomfanya binti kuvunja ungo na mvulana kubadilika sauti. Butenandt ukoo huo aliufahamu kitambo. Mwaka 1929 alikuwa ametoa estroni, homoni ya kike, kwenye mkojo wa wajawazito, na 1931 akatoa androsteroni, homoni ya kiume, miligramu 15, kutoka lita 15,000 hivi za mkojo uliokusanywa kwa polisi wa Berlin. Nilimsomea bibi hiyo kwa sauti, akasema polisi wa hapa hata kwa hilo wangedai kitu kidogo kwanza. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1939 aligawana na Leopold Ružička, lakini serikali ya Hitler ikamkataza kuipokea, akapewa stahiki yake 1949. Yeye mwenyewe alikuwa na kadi ya chama cha Nazi, chama cha Hitler, tangu 1936, jambo ambalo wanaomsifu hulipita upesi.

Lakini lililonigusa mimi mfugaji ni hili: mdudu hawezi kujitengenezea kolesteroli, na steroidi yake hujengwa kutoka humo. Sisi ini letu linatengeneza. Yeye lazima aile malighafi yake katika jani. Maana yake saa ya kiwavi wangu hujengwa kwa mndimu wangu, na ninachoutilia mndimu mzizini nakitia kwenye saa.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea yule mama maembe kabla hajaondoka, nikamwambia ninajiona mjinga. Akacheka akanipa kisa cha chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Katikati ya miaka ya 1960 Karel Sláma alifika hapo kutoka Prague na kunguni wake wekundu wa mimea, wadudu aliowafuga miaka mingi kwao bila tabu. Huko Marekani wadudu hao wakakataa kukomaa. Badala ya kuwa wakubwa walivua ngozi na kuwa watoto wakubwa zaidi, kisha wakafa. Yeye na mwenyeji wake Carroll Williams walibadilisha kila kitu mpaka wakafikia karatasi ya kupangusia mikono iliyotandikwa chini ya vyombo. Karatasi ile ilitokana na mti wa Amerika wenye kitu kinachoiga homoni ya utoto. Wakajaribu magazeti: ya New York yaliwakwamisha wadudu, ya London hayakuwadhuru.

"Maprofesa wa Harvard, na ilikuwa karatasi," akasema. "Wewe machicha yako si mabaya sana."

Sikuridhika na kuambiwa. Nilichukua viriba 10 vyenye machicha na 10 nilivyobadilisha udongo wote na kuvipa majani mapya, nikaweka viwavi watano watano. Ilinichukua zaidi ya mwezi, kwa sababu ilibidi nianze na mayai. Upande wa machicha nilipata pupa sita, mbili zimepinda. Upande wa pili nilipata 44. Si utafiti wa kuchapishwa, najua. Jua lilikuwa likipiga zaidi upande mmoja na mjusi alikula kadhaa. Ila niliandika kila siku kwenye daftari la mraba, na tangu hapo sijaacha kuandika: lini yai, lini ngozi ya kwanza, lini rangi imegeuka, lini amejifunga uzi. Kabla ya hapo nilikuwa nikiangalia pupa kwa jicho na kubahatisha siku ya kwenda Gede.

Kuna jambo jingine yule mama aliniachia, nalo lilikuwa mbele ya macho yangu. Kando ya kibanda nilikuwa nimeng'oa magugu, yale yenye vijiua vyeupe vilivyopangwa juu ya kikonyo kilichojikunja kama mkia wa nge, nikayaacha yakauke. Vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi, Danaus chrysippus, walikuwa wameyafunika. Hakukuwa na ua hata moja lililo hai. Nilidhani wanakunywa umande.

"Mkamate mmoja," akaniambia. Nikamkamata. "Mwingine." Wote walikuwa madume.

Wanafyonza alkaloidi, kemikali chungu ya mimea, kutoka kwenye magugu yaliyonyauka, na kutokana nayo wanatengeneza harufu inayoitwa danaidoni, wanayoihifadhi kwenye vishungi vya nywele ncha ya tumbo. Wakati wa kuposa dume humpapasa jike kwa vishungi hivyo. Asiye na harufu ile ni kama bwana harusi aliyekuja na jasho la kazini: jike humwacha anahangaika. Wanaume wa mji wetu wanajifukiza udi, hawa wanaufuata udi wao kwenye majani makavu.

Harufu kama hizo ndizo feromoni. Neno lenyewe lilitungwa 1959 na Karlson pamoja na Martin Lüscher, kutoka Kigiriki cha "kubeba" na "kuchochea": homoni hufanya kazi ndani ya mwili, feromoni hubebwa nje mpaka mwili wa mwingine. Na mwaka huohuo Butenandt, yule yule wa mkojo wa polisi, alikamilisha kazi ya miaka 20 hivi kwa kuitambua feromoni ya kwanza, bombikoli, aliyoitoa kwenye majike nusu milioni ya nondo wa hariri. Kipimo chake hakikuwa mashine. Alimsogezea dume tone. Dume akipepesa mabawa, imo.

Tangu siku ile siyachomi magugu ya mkia wa nge. Nayaning'iniza yakauke mlangoni mwa kibanda cha kuzalishia, na mayai ya vipepeo wale wa chungwa yameongezeka, ingawa kusema kweli mwaka huo mvua nayo ilikuwa nzuri.

Mjomba nilimweleza yote jioni moja, tumekaa chini ya ule mkorosho. Nilikuwa na hasira nilizozihifadhi miezi mitatu. Nilimchorea ubongo wa kiwavi mchangani kwa kijiti, nikamchorea tezi, nikamwonyesha daftari: huku sita, huku 44. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni nadra. Akachukua kijiti mkononi mwangu, akafuta tezi akasawazisha mchanga.

"Kwa hiyo dawa yangu inafanya kazi."

"Mjomba, inafanya kazi kupita kiasi."

"Haikukosea hata kidogo," akasema akiinuka. "Wewe ndiye mtu wa kwanza Kakuyuni kufuga adui."